Kibaba cha Nani

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana wa nyuma hawajaitika.

Pakawa!

Haya. Mwenye tunda mdomoni alimeze kwanza, au ampe mwenzake. Hadithi hii haisikilizwi huku mtu anatafuna.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana wakipishana njiani, alikuwako hondohondo mmoja, dume, mwenye mdomo mkubwa na koti jeusi. Msitu mzima ulimwita Bwana Hondo. Alikuwa na mke, Bi Hondo. Walikaa katika mvule uliosimama karibu na mto, na katika mvule ule mlikuwa na tundu.

Mnaijua desturi ya hondohondo? Wengine mnaijua. Nawaambia wasioijua. Siku za kutaga zikifika, mke huingia ndani ya tundu. Mume huleta udongo mbichi, donge kwa donge. Mke yuko ndani, mume yuko nje, wanaukandika mlango. Wanakandika, wanakandika, hata mlango unakuwa ukuta. Hubaki mwanya mmoja mwembamba, wa kupita ncha ya mdomo. Nyoka haingii. Nyani hatii mkono. Jua lenyewe huingia kwa ubavu.

Humo ndani mke hutaga. Huatamia. Na manyoya ya mabawa yake hupukutika, naye huyatandika chini yawe kitanda cha makinda. Hawezi kuruka mpaka yaote mengine. Hawezi kutoka. Hawezi kujitafutia hata punje. Anakula kinachopita mwanyani, na kinachopita mwanyani ni kile alicholeta mume.

Kwa hiyo kabla ya donge la mwisho kubandikwa, mke husema neno na mume huitikia. Neno la mke ni hili: "Kwanza mwanya." Jibu la mume ni hili: "Kisha koo langu." Hakuna kiapo kingine.

Bi Hondo alilisema neno lake kwa sauti ya kawaida, kama anayemkumbusha mtu chumvi. Hondo akaitikia. Donge la mwisho likabandikwa, pa.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Hondo aliruka alfajiri, puruu, mpaka kwenye mkuyu wa bondeni. Akajaza koo makuyu mabivu. Akarudi. Akagonga mtini, ko, ko. Ncha ya mdomo wa mkewe ikatokea mwanyani. Hondo akatoa kuyu moja kutoka kooni, akalipitisha. Akatoa jingine. Akatoa jingine.

"Matamu?"

"Matamu. Wewe umekula?"

"Nitakula."

Ndivyo walivyozungumza kila siku, na hawakuona haja ya maneno mengine.

Kisha jua likazidi. Mvua ikachelewa. Mto ukajikunja ukawa kamba. Makuyu yakaanza kudondoka kabla ya kuiva, po, po, makavu kama vinyesi vya mbuzi.

Ndipo Mfalme akatoa tangazo. Mfalme alikuwa Tembo. Alikaa kilimani, yeye na Nyati na Pofu mwenye pembe ndefu, penye bustani na chemchemi. Alisema msitu unahitaji kisima. Kisima kinataka wachimbaji, na wachimbaji wanataka kula. Nyati na Pofu wakamwambia atoze kodi. Akakataa.

"Kodi huleta manung'uniko," alisema. "Tuwape mchezo."

Kikatafutwa kibuyu kikubwa, kikakaushwa. Zikakusanywa komwe, zile mbegu ngumu za mviringo tunazochezea bao, zikachorwa alama. Kila aletaye chakula apewe komwe moja. Pacha wake, yenye alama ileile, itumbukizwe kibuyuni. Mwezi ukiandama, kibuyu kitikiswe. Komwe itakayodondoka, mwenye pacha wake aingie bustani ya Mfalme, yeye na nyumba yake, ale na anywe mpaka mvua zirudi. Mchezo ukaitwa Bahati ya Wote.

Meza ya kibuyu haikuwekwa kilimani. Iliwekwa bondeni, kwenye njia ya kwendea mtoni, wanapopita wenye kiu. Na wakala wa kibuyu alikuwa Nguchiro, mwenye mwili mwembamba na maneno yaliyonona.

Siku ya kwanza Hondo alipita pale na makuyu kooni. Nguchiro akamwona.

"Bwana Hondo, karibu kivulini. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Yuko ndani."

"Na wewe ndiye unamlisha, kwa mkuyu huu uliokonda? Pole sana."

"Nina haraka."

"Wenye haraka ndio wateja wangu. Naona koo limevimba kama jipu. Weka kuyu moja tu. Ukipata, shemeji atakula pembeni mwa chemchemi. Ukikosa, umechangia kisima. Hasara iko wapi?"

Hondo akaitafuta hasara. Hakuiona.

"Haba na haba," Nguchiro akasema, akipokea kuyu, "hujaza kibaba."

Sasa, pembeni ya kibuyu kikubwa kulikuwa na kibuyu kidogo, kilichotikiswa kila asubuhi kwa zawadi ndogondogo, ili wateja wasilale. Kesho yake komwe ya Hondo ikadondoka. Akapewa kichala cha zabibu mwitu, kizima, na umande juu yake.

Aliruka siku ile kama kijana. Akagonga, ko, ko, ko. Akapitisha zabibu moja moja.

"Zabibu, katika kiangazi hiki?" Bi Hondo akauliza. "Umezipata wapi?"

Hondo akamweleza yote. Kibuyu, komwe, bustani, kisima. Akamweleza na maneno ya Nguchiro, kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Bi Hondo akaacha kula.

"Kibaba cha nani?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Huku ndani ni giza, nina nafasi ya kuuliza. Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha nani?"

Hondo akacheka. "Cha kwetu, mwenzangu. Kula."

Bi Hondo akala.

Toka siku hiyo Hondo hakuipita meza bila kusimama. Kuyu moja. Kesho mawili. Alijiambia kwamba anamtafutia mkewe bustani, na mwenye kutafutiwa bustani anaweza kusubiri kidogo. Komwe zikamzoea. Alizijua alama zake kwa kuzigusa: jicho la samaki, njia panda, mwezi mchanga.

Foleni ya meza ile ilikuwa ya nani? Sikilizeni niwatajie. Pimbi alikuwepo, yule jirani wa Hondo akaaye kwenye mawe chini ya mvule. Kanga alikuwepo, na vifaranga wake wanamfuata nyuma kama shanga. Panya buku alikuwepo. Chura alikuwepo, ngozi imemkauka. Nyati hakuwepo. Pofu hakuwepo.

"Umeleta nini leo, Pimbi?"

"Majani ya kulalia. Nikishinda nitalalia tumbo langu."

"Na usiposhinda?"

"Nitalalia mawe. Pimbi na mawe ni ndugu. Lakini wewe, jirani, koo lako leo linanywea."

"Nimekula."

"Umekula, au umeliwa?"

Foleni nzima ikacheka. Hondo naye akacheka. Kicheko cha foleni ni kitamu, maana kila anayecheka anajua kwamba naye anachekwa.

"Wanaosema tunaonewa hapa mimi siwaelewi," Kanga akasema, akihesabu vifaranga wake kwa jicho. "Hakuna aliyenishika ukucha. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Hata samaki huiendea ndoana kwa mapezi yake," Pimbi akasema. "Lakini songa mbele, mama, usinipotezee nafasi."

Siku moja Hondo hakupata kuyu hata moja bondeni. Akaruka juu, juu, mpaka kilimani, kutafuta vichakani. Akakiona kisima.

Kilikuwa kisima kizuri. Kilichimbwa kilimani, hatua chache kutoka kwenye chemchemi. Ndama wa Nyati walikuwa wanaoga humo, chubwi, chubwi. Mfalme Tembo alisimama ukingoni akijimwagia maji mgongoni.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba, Hondo. Umekuja kukitazama kisima chetu? Makuyu yako yamo humu."

"Ni kizuri, Mfalme. Ila kiko mbali na bonde."

"Bondeni udongo ni laini, kingebomoka. Tuliuliza wanaojua."

Hondo akauliza, kwa adabu, maana alitaka kujua kweli: "Na wewe, Mfalme, umenunua komwe ngapi?"

Tembo hakukasirika. Alishangaa. "Mimi? Ninunue ya nini? Nikitaka kula bustanini, si naingia?"

"Mwenye shamba hanunui ndoto ya shamba," Nyati akasema kando yake, huku anatafuna.

"Lakini simlazimishi mtu," Tembo akasema. "Wewe umelazimishwa?"

"Hapana, Mfalme."

"Basi."

Na Hondo akashukuru. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine, kwamba alishukuru. Aliinamisha ule mdomo wake mkubwa, akasema asante, akaruka. Alikuwa ameoneshwa kila kitu: kisima kilipo, nani anaoga, nani hanunui. Na angani hakuyafikiria hayo hata kidogo. Aliifikiria bustani. Alijiambia, kumbe ni nzuri hivi. Alijiambia, sasa siwezi kuacha, nimekwisha kutoa mengi.

Chini ya kilima akakuta mkwamba una matunda. Akachuma, akajaza nusu ya koo. Njia ya kurudi ikapita mezani.

Kwa hiyo alifika mvuleni hana kitu. Hapana, alikuwa na kitu. Alikuwa na komwe.

Akagonga, ko, ko. Ncha ya mdomo ikatokea mwanyani. Ilikuwa imekauka, imepauka pembeni. Hondo alikuwa amepanga maneno njiani, lakini mdomo ule ulifunguka ukangoja, naye hakuweza kuuacha wazi. Akaweka komwe.

Kwa.

Ilikuwa sauti ya kitu kigumu juu ya kitu kigumu.

"Mume wangu," Bi Hondo akasema, "hili halitafuniki."

"Si tunda. Ni bahati yetu. Itunze humo, mwezi utaandama karibuni."

Ndani ikasikika sauti ambayo Hondo hakuwa ameisikia bado.

"Cwi."

"Ameanguliwa?"

"Ameanguliwa. Huyu mmoja. Yai la pili limepoa."

Hondo akatazama chini. "Makuyu yamekwisha," akasema. "Bonde zima. Nimezunguka tangu asubuhi sijapata kitu."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu hiyo ndiyo iliyomsaidia kuisema nusu ya pili.

"Pole," Bi Hondo akasema. "Umechoka. Pumzika kidogo kabla hujatoka tena."

Mke angeweza kumtukana. Angeligonga lile tundu kwa hasira. Alimpa pole. Na aibu ikamkaa Hondo kooni, mahali pa makuyu, haimezeki, haitapikiki.

Mtafikiri aliacha. Nyie mliowahi kuona aibu mnajua kwamba hakuacha. Mwenye aibu hutafuta njia ya kuifuta yote kwa mkupuo mmoja, na njia hiyo ilikuwa pale mezani, imekaa kivulini. Kila alipopata matunda aligawa. Mengi kibuyuni, machache mwanyani, yeye mwenyewe akilala na njaa ili aweze kujiambia kwamba anateseka pamoja nao. Kila mara alipitisha na komwe.

"Shika na hii."

"Nimeshika."

Bi Hondo hakuuliza tena kibaba cha nani. Sauti yake ilikuwa imepungua, naye aliitunza kwa ajili ya kinda.

Mwezi ukaandama. Wanyama wa bonde wakakusanyika asubuhi, wamekonda, macho yamewatoka. Nguchiro akakumbatia kibuyu.

Kocho, kocho, kocho.

Komwe ikadondoka. Nguchiro akaiinua. "Mchoro wa unyoya."

"Wangu," Kanga akasema, kwa sauti ndogo, kama anayekiri kosa. Akautoa. Ulikuwa unyoya kweli.

Ngoma ikapigwa. Kanga akapandishwa kilimani na vifaranga wake waliobaki, na bonde zima likaimba:

*Kanga kapanda kilima,*
*kesho ni wewe, kesho ni mimi.*
*Kanga kapanda kilima,*
*kesho ni wewe, kesho ni mimi.*

Hondo naye aliimba. Mmoja alipanda. Wengine wote, wimbo ulipokwisha, wakageuka wakapanga foleni upya, maana sasa walikuwa wameona kwa macho.

Hondo alikuwa na kuyu moja kooni. Lilikuwa kuyu la mwisho la mkuyu wa bondeni, bivu, limepasuka ubavuni, asali inachungulia. Alikuwa amelichuma alfajiri na kuapa kwamba hilo haliendi popote ila mwanyani. Alikuja tu kutazama. Hakuja kucheza.

"Bwana Hondo," Nguchiro akasema. "Kibuyu ni kitupu sasa. Wa kwanza kuingia mwezi huu utakuwa wewe. Utaacha nafasi ya kwanza apewe Chura?"

"Hili ni la mke wangu."

"Na bustani ni ya nani? Si ya mke wako? Mvumilivu hula mbivu, Bwana Hondo."

Hondo akalitoa bivu lake. Likaingia kapuni. Kapu likaenda kilimani.

Akarudi mvuleni na komwe moja mdomoni, yenye mchoro wa jua. Akagonga, ko, ko.

Mdomo haukutokea.

Ko, ko, ko.

"Mwenzangu," akaita. "Nimeleta..."

Akaitema komwe ile.

Ule ukuta walioujenga wawili, aliubomoa peke yake. Ko. Ko. Ko. Udongo ulikuwa mgumu, maana walikuwa wameujenga vizuri. Donge la mwisho kubandikwa ndilo lililoanguka kwanza. Jua likaingia ndani kwa uso, mara ya kwanza tangu siku ile.

Bi Hondo alikuwa amelala juu ya manyoya yake mwenyewe. Hondo alipomgeuza, alikuwa mwepesi kama gamba la yai. Chini ya kifua chake kinda lilikuwa hai, na tumbo la kinda halikuwa tupu. Kila kilichopita mwanyani kilikuwa kimekwenda huko.

Na pembeni, zimepangwa vizuri ukutani, zilikuwa komwe. Jicho la samaki, njia panda, mwezi mchanga, zote. Hondo akaokota moja. Ilikuwa na alama nyingine juu ya alama yake, mikwaruzo midogo ya mdomo. Akaokota nyingine. Ilikuwa vilevile.

Alikuwa amejaribu.

Majirani wakaja matangani. Panya buku alikuja. Chura alikuja, akakaa kimya, na mnajua Chura kukaa kimya ni kazi. Pimbi alikuja, akakaa kwenye mzizi, hakutania. Hondo hakumtazama yeyote usoni. Walipomwambia pole, kila pole ilimrudisha kwenye ile ya mkewe.

Alasiri akaja Nguchiro na kapu dogo.

"Bwana Hondo, poleni sana. Mfalme amesikia. Ametuma rambirambi kutoka katika mapato ya kibuyu, ili msiseme hajali walio chini."

Akalifunua kapu. Ndani mlikuwa na kuyu moja, bivu, limepasuka ubavuni. Hondo alilitambua.

"Na hii," Nguchiro akasema, akitoa komwe, "ni ya bure. Hulipi kitu. Ya kukupoza moyo."

Sasa nisiwafiche. Mguu wa Hondo ukanyooka. Mke amelala pale, hajazikwa, kinda linalia, na mguu ukanyooka kwenda kwenye komwe. Pimbi aliuona. Nguchiro aliuona. Hondo mwenyewe aliutazama kama mguu wa ndege mwingine. Mchoro wa komwe ile ulikuwa mzuri. Ulikuwa mti, na ndege wawili juu yake.

"Cwi," kinda likasema.

Hondo akaurudisha mguu. Akalichukua kuyu kwa ncha ya mdomo. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, kama asiyeyaamini macho yake, ahakikishe kwamba ni tunda. Kisha akaligawa vipande, akalilisha kinda.

"Kwanza mwanya," akasema, ingawa mwanya haukuwepo tena.

Nguchiro alikuwa bado amesimama, komwe mkononi.

"Nguchiro."

"Naam."

"Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha nani?"

Nguchiro akatazama miguu yake. "Bwana Hondo, mimi ni wakala tu. Kwangu nako kuna vinywa."

"Vinywa sikukuuliza."

Nguchiro akaipapasa komwe.

"Hiyo komwe ipeleke kilimani," Hondo akasema. "Kamuuzie Nyati."

"Nyati hanunui."

"Kwa nini?"

Nguchiro alijua kwa nini. Alijua tangu siku meza ilipowekwa njiani mwa wenye kiu. Akafunika kapu lake, akaondoka, na safari hii hakuwa na methali.

Pimbi akasimama kwenye mzizi. "Jirani," akasema, "leo nitalalia majani yangu." Akaenda zake.

Msidhani meza iliondoka. Kesho yake ilikuwepo, na foleni ilikuwepo, imepungua wawili, Hondo na Pimbi. Hondo alikuja na kinda mgongoni, akatua kwenye tawi lililo juu ya meza. Aliona haya kuwakemea. Angewakemea kwa mdomo upi? Alimwuliza kila aliyefika neno lilelile la mkewe, kibaba cha nani, kibaba cha nani, na wengine walimcheka, na wengine walikasirika, na mara mojamoja mmoja alisimama, akakitazama alichoshika, akarudi nacho nyumbani kwake.

Ndiyo maana mpaka leo, mkipita msituni wakati wa kiangazi, mtamsikia hondohondo akilia sauti ya kuuliza, kama mtoto aliyenyimwa. Na mkimtazama dume akimpelekea mkewe tunda mwanyani, mtaona halipitishi moja kwa moja. Hulishika kwa ncha ya mdomo. Hulitazama. Huligeuza. Akishaona kwamba si komwe, ndipo humpa.

Funzo lake ni hili, nalisema wazi ili wadogo walichukue na wakubwa wasijifanye hawakulisikia. Cha mwanya usikitoe mahali pengine, hata kwa jina la mwenye mwanya. Hondo alikosa, na hakusema vinginevyo mpaka alipokufa. Lakini anayemuuzia mwenye njaa matumaini kwa bei ya chakula chake, amemnyang'anya, hata kama hakumshika ukucha. Matunda yalipanda kilimani yote. Aibu ilibaki bondeni yote. Mgawo huo haukuwa wa haki.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa tundu lililobomoka. Mwenye tunda alipeleke kwao.